Nguo Nitarudia

Wasee, tuseme ukweli. Umevaa blauzi masaa mawili ukapiga video, haina jasho wala doa, halafu unaitupa kwa rundo la kufua? Hapa Gachoka ni Mbeere, ukame tunaujua. Ule mtungi wa lita 20 kuna mtu ameubeba, mara nyingi mama yako.

Nguo safi ianike ipigwe upepo, uvae tena. Ikibidi kufua, beseni moja, maji baridi, sabuni kidogo. Iminye polepole, usiisokote, uianike kivulini, maana jua letu hupausha rangi.

Ukiniuliza, "Si hii ni ile ya juzi?" nitakujibu: ndiyo, na maji ya kupikia yalibaki.