Mwanangu Ameingia Dini ya Nne

Juma hili naliazimu kuzungumza nanyi habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, lakini barua moja imenizuia. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kurasa mbili, na mama mmoja wa upande wa Singida. Jina lake nalificha. Dumuzi atangoja juma lijalo.

Mama huyu ana mwana wa miaka 24. Kijana alibatizwa, akapata Kipaimara, akawa hata mtumikiaji altareni. Tangu utoto ana kifafa. Miaka miwili iliyopita alitoka kwetu akaenda kwa walokole wa mjini. Akawaacha, akaingia kwa watu wa kanzu nyeupe ambao huvua viatu wanaposali, akakaa huko miezi mitano. Kisha akapata vijitabu vya watu wafundishao kukaa kimya na kuhesabu pumzi, akawa hajibu hata akiitwa chakulani. Na sasa yuko kwa nabii mmoja auzaye maji na mafuta. Huko alitakiwa kutoa sadaka kabla ya kuombewa, akatoa mbuzi wawili wa mama yake. Tena, kwa amri ya huko huko, amevitupa vidonge vyake chooni, na hili ni juma la tatu. Mama auliza: “Je, nimfukuze nyumbani, asije akawapoteza na wadogo zake?”

Nitakujibu, mama, lakini kwanza yanipasa kuungama jambo ambalo wasomaji wangu wa siku nyingi hawalijui.

Mwaka 1978 nalikuwa mwalimu wa shule ya msingi kando ya Ziwa Viktoria. Binti yangu wa pili, mwenye miaka mitatu, alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akawa hataki mwanga. Mimi niliyewafundisha watoto wa wenzangu habari za vijidudu na maji ya kuchemsha, siku ya kwanza nilikwenda kwa mzee mmoja wa ramli. Akatazama katika bakuli la maji, akamtaja shangazi yangu kuwa ndiye mchawi. Siku ya pili jirani akatupeleka kwa watu wa kanzu nyeupe. Nikavua viatu, nikapewa kanzu, nikapiga magoti mimi na mke wangu, ngoma ikalia usiku kucha, mishumaa ikawaka, mtoto akanyunyizwa maji. Tukalala kwao siku tatu.

Siku ya tano mama yangu mzazi akafika kutoka kijijini. Hakugombana na mtu. Alimgusa mtoto paji la uso, akamfunga mgongoni kwa khanga, akatembea naye mpaka barabarani, lori la pamba likawachukua mpaka hospitali ya misheni. Mtoto alipigwa sindano siku kumi. Alipona, lakini sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Daktari hakuniambia kama siku zile nne ndizo zilizolichukua, nami sikuthubutu kumwuliza.

Basi mngetazamia niwaseme vibaya watu wale wa kanzu. Siwezi kuwasema vibaya kwa yote. Mwanamke mmoja wao aliacha palizi yake, akakaa akikishika kichwa cha mtoto wangu mapajani, akampikia mke wangu uji. Walijua majina yetu tangu jioni ya kwanza. Na siku zile zote hakuna hata mtu mmoja wa kigango chetu aliyepiga hodi. Ni kweli, wala mimi sikuwapelekea habari, maana naliona haya. Lakini kwenye ibada ya Jumapili kiti changu kilikuwa kitupu, na mwalimu kijijini huonekana akikosekana.

Nasema hayo, mama, ili usidhani mwanao anazungukazunguka kwa upumbavu tu. Mtu mwenye kuanguka mbele za watu, ambaye wenzake wamkimbia wakiogopa mate yake, atakwenda popote atakapopokewa kwa mikono miwili.

Wala si jambo geni. Mtakatifu Yustini wa karne ya pili, aliyezaliwa mjini Neapoli ya Palestina, mji uitwao siku hizi Nablus, alifanya kama mwanao. Mwenyewe ameandika habari hizo. Alikwenda kwanza kwa mwalimu wa Wastoa, akakaa naye sana, asipate lolote juu ya Mungu. Akaenda kwa mfuasi wa Aristotle: huyu, baada ya siku chache, akataka wapatane karo. Yustini akaondoka, akiona kwamba mtu huyo si mpenda hekima hata kidogo. Wa tatu, mfuasi wa Pythagoras, alimwuliza kama amejifunza muziki, elimu ya nyota na hesabu za maumbo, hakujua, akarudishwa. Kwa wafuasi wa Plato alifurahi, mpaka siku moja alipokutana na mzee karibu na bahari aliyemweleza habari za manabii na za Kristu. Yule aliyedai karo humkumbuka kila nionapo bei ya chupa ya maji ya upako. Yustini alikatwa kichwa Roma kwa ajili ya imani, karibu na mwaka 165.

Na karibu nasi zaidi, Uganda, yuko Semei Kakungulu. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa jemadari wa Buganda, na mwaka 1899 alikuwamo katika jeshi lililowakamata Kabaka Mwanga na Kabalega wa Bunyoro. Aliwatawalia Waingereza nchi za mashariki, akitumaini kufanywa mfalme huko, hawakumfanya. Alikuwa Mprotestanti. Ndipo akaingia kwa Bamalaki, chama kilichoanzishwa mwaka 1914 na Malaki Musajjakawa pamoja na chifu Joswa Kate Mugema. Bamalaki walibatiza upesi pasipo mafundisho marefu, hata mwenye wake wengi, na watu wakamiminika kwao kwa maelfu. Nao walikataa dawa. Si dawa za kienyeji tu, bali daktari, sindano na chanjo, wakisema kumtumia tabibu ni kumkosea Mungu.

Mwaka 1919 Kakungulu, kwa kusoma sheria za Musa, akajitahiri yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu: basi, sisi ni Wayahudi. Alikufa mwaka 1928. Watu wake, Abayudaya, wangali wako karibu na Mbale, na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuingia Bunge la Uganda. Mimi si wa imani yao, lakini mtu aliyesoma kwa macho yake mwenyewe, akatulia mahali pamoja mpaka kufa, namheshimu. Bamalaki wenyewe walififia. Lile neno lao la kutupa dawa ndilo halikufifia: sasa limemfikia mwanao, baada ya miaka zaidi ya 100, kana kwamba limeshuka jana kutoka mbinguni.

Hapa ndipo sitanii. Vidonge vya kifafa havitupwi kwa siku moja. Mwili uliovizoea, ukivikosa ghafula, waweza kuangushwa mara nyingi mfululizo, mgonjwa asipate fahamu kati ya anguko moja na lingine, na hapo watu hufa. Zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja mzaliwa wa Norwe, Bibi Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Alikuta wagonjwa wamefichwa, wanakula peke yao, wengine wana makovu makubwa ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni hakuna aliyethubutu kuwavuta. Aliwapa vidonge vya fenobabitali, dawa isiyo ya gharama kubwa, na wengi wakaacha kuanguka, wakarudi shambani. Siku hizi wataalamu wameona huko kwamba kifafa chaandamana na ugonjwa wa usubi, uletwao na inzi wadogo wa mitoni. Mate hayaambukizi kifafa. Wadogo zake wale naye sahani moja.

Basi, mama, usimfukuze. Ukimfukuza atalala kwa nabii, na huko hakuna atakayemkumbusha dawa.

Kesho asubuhi, kabla ya kubishana dini, nenda naye kliniki. Usimpe mwenyewe vidonge vilivyobaki kabatini ukakisia hesabu. Mganga ndiye atakayesema aanze na vingapi, maana majuma matatu yamepita. Mpaka hapo asiote moto peke yake, wala asiteke maji kisimani bila mwenzake. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala chochote kinywani, tazama saa. Ikipita dakika tano anatetemeka bado, tafuta gari.

Kisha mwambie hivi, kwa sauti ya chini: “Mwanangu, kasali unakotaka, ila kidonge kiwe mfukoni.” Nabii akikubali, tutazungumza juu ya mafundisho yake siku nyingine. Akisema achague moja, nadhani kijana mwenyewe ataanza kujiuliza. Yeye si mjinga, amesoma mpaka kidato cha nne. Na wale mbuzi wawili wamekwenda, mama. Usiwadai kila jioni mezani.

Kwa katekista wa kigango chako nimekwisha kuandika, bila kulitaja jambo la mbuzi. Nimemwuliza swali moja tu: tangu kijana huyu alipoacha kutumikia altareni, ni nani aliyekwenda kwao? Majibu yake sitayachapa hapa.

Binti yangu ameisoma barua yako nilipokuwa ninaandika haya. Ameolewa huko huko Singida, ana watoto wanne. Aomba ruhusa aje kukutazama Jumapili ya pili, aongee na kijana. Ukikubali, niandikie kwa anwani ya gazeti, nami nitamwarifu. Akifika, mkalishe mwanao upande wake wa kuume, ndio anaosikia.