Wembe Huo Ulimkata Nani Jana?

Hapa Chemchem, Tabora, wapo wazee wenye chale za uganga. Vijana wao sasa wanataka tatuu. Sisi wauguzi tunaona hatari ni ileile: damu ya mtu mwingine. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata kama damu haionekani. Kupangusa wembe au sindano kwa spiriti hakutoshi.

Kijana, fikiri kwanza. Alama hiyo haitoki kwa sabuni. Ukishaamua, wembe au sindano mpya ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe katika kikombe kipya, mchoraji avae mipira mipya ya mikono. Akikasirika ukimwuliza, ondoka. Nanyi wazazi, msiwafokee tu, waelezeni.