Pumba zisafishe maji, lakini vipimo vitangulie

Kila kilo 100 za mpunga zinazokobolewa huacha takriban kilo 20 za pumba. Mkoani Songwe, kuanzia mpunga wa Kamsamba hadi kahawa ya Mbozi, mashine hubakiza malundo ya pumba na maganda, na mengi huishia kuchomwa moto.

Mkoa huo huo una wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Songwe, wanaotumia zebaki kunasa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa katika makarasha. Marudio yakisombwa na mvua huingia mitoni na kuelekea Ziwa Rukwa, wanakovuliwa samaki wa kitoweo na biashara. Kuchemsha maji hakusaidii: huua vijidudu, lakini risasi hubaki pale pale sufuriani.

Hapo ndipo pumba zinapopata thamani. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kuwa pumba za mpunga, maganda ya kahawa na magunzi ya mahindi, hasa yakichomwa kwa hewa kidogo hadi kuwa mkaa, hunasa metali kama risasi, shaba na kadimiamu. Mkaa huo una vitundu vidogo vingi, na metali hung'ang'ania humo.

Hata hivyo, asitokee mfanyabiashara wa kupanga ndoo za mkaa sokoni Tunduma na kuziita chujio la sumu. Nguvu ya mkaa hutegemea ulivyochomwa, uchachu wa maji na muda yanaokaa humo. Ukishajaa huacha kunasa, na maji huendelea kutoka yakiwa maangavu huku yana sumu. Mkaa uliotumika nao ni taka ya hatari; haufai kumwagwa shambani kama mbolea wala kutiwa jikoni.

Inafaa halmashauri, vyama vya ushirika na vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vianzie kwenye maji ya makarasha, si ya kunywa, na matokeo yapimwe na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Yakiwa mazuri, mkulima atapata soko la kile anachokichoma leo.

Lakini chanzo kizibwe kwanza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Wachimbaji wasaidiwe kupata vifaa vya kurudisha mvuke wa zebaki na mabwawa ya marudio yasiyovuja. Kinga ni bora kuliko tiba, na hakuna gunia la pumba litakalosafisha mto unaochafuliwa kila siku.