Mama wa mwanamaji asiipate habari kwa jirani

JESHI linapomwandikisha kijana, huandika jina lake, umri wake, elimu yake na kijiji alikozaliwa. Humpima macho, kifua na meno. Humpa namba, sare na viatu. Yote hayo ni sawa, na bila hayo hakuna jeshi. Lakini nyuma ya kijana huyo amebaki mama mlangoni, asiyejua mwanawe anakwenda kufanya nini, atalala wapi, wala amwulize nani pindi siku zitakapopita bila habari.

Kwa mama wa askari wa nchi kavu jambo hili ni zito. Kwa mama wa mwanamaji ni zito zaidi. Kambi ya nchi kavu ina lango, na mzazi aliyekosa subira aweza kupanda basi, akafika langoni na kuuliza. Meli haina lango. Ikishang'oa nanga, mama hana pa kwenda kuuliza, na simu aliyoizoea hujibu tu kwamba mtu anayetafutwa hapatikani. Hapo ndipo uvumi unapopata nafasi. Mwenye habari asiposema, asiye nayo atasema.

Ni jambo lisilopingika kwamba wajibu wa kumpa mama huyo habari na mwongozo ni wa jeshi lenyewe na wa Serikali iliyomwajiri mwanawe. Wajibu huo si hisani. Historia ya majeshi makubwa ya wanamaji duniani inaonyesha yanayotokea unaposahauliwa.

WATERLOO

Mji wa Waterloo, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, uko katikati ya bara, mbali na kila bahari. Januari 1942, majuma machache baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, ndugu watano wa tumbo moja, George, Francis, Joseph, Madison na Albert Sullivan, walijiunga na jeshi la wanamaji kwa sharti kwamba wasitenganishwe. Sharti lilikubaliwa, na wote watano wakapangiwa manowari Juneau. Mama yao, Alleta Sullivan, akabaki Waterloo akisubiri barua.

Tarehe 13 Novemba, 1942, manowari hiyo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na kisiwa cha Guadalcanal, ikalipuka na kuzama mara moja. Watu wapatao mia moja walibaki wakielea majini. Siku hadi siku wakapungua kwa majeraha, kiu na papa, na walionusurika mwishowe walikuwa kumi tu. Ndugu wote watano walikufa.

Wakubwa wa jeshi walinyamaza, kwa hoja kwamba adui asijue meli ipi imezama. Huko Waterloo barua zilikoma. Novemba ikaisha, Desemba ikapita pamoja na Krismasi yake. Kisha akaja mama mmoja wa mjini hapo, ambaye naye alikuwa na mtoto baharini, akasema kwamba mwanawe amemwandikia kuwa watoto watano wa Sullivan wameuawa.

Alleta Sullivan alifanya jambo ambalo mama yeyote angelifanya. Januari 1943 aliwaandikia wakubwa wa jeshi la wanamaji, akaeleza uvumi alioupata, akaomba aambiwe kama ni kweli. Katika barua hiyo hiyo alitaka radhi kwa kuwasumbua. Mzazi aliyetoa watoto watano kwa taifa lake aliona kuwa kuuliza kama wangali hai ni usumbufu kwa ofisi!

Tarehe 12 Januari, 1943, watu watatu waliovaa sare walifika nyumbani kwake asubuhi na kuitoa habari rasmi. Baadaye Rais Franklin Roosevelt alimwandikia barua, na Aprili mwaka huo mama huyo aliizindua manowari mpya iliyopewa jina la wanawe. Heshima hizo hazikosi thamani. Hata hivyo, hazikuifuta miezi miwili ambayo habari ya watoto wake ilitembea mitaani kabla ya kufika mlangoni kwake.

SIRI NA KIMYA

Wapo watakaosema kuwa hayo yalikuwa ya vita, na vita havina adabu. Basi na watazame yaliyotokea wakati wa amani. Tarehe 12 Agosti, 2000, nyambizi Kursk ya Urusi ililipuka na kuzama katika Bahari ya Barents, ikiwa na watu 118. Umma haukuambiwa lolote hadi tarehe 14. Siku zilipokuwa zikipita, majina ya waliokuwamo hayakutangazwa, mpaka gazeti moja la Moscow lilipoyapata kwa kumlipa afisa mmoja rubo 18,000 na kuyachapisha. Maana yake ni kwamba jina la mtoto wa mtu, ambalo mama alilichagua mwenyewe siku ya kuzaliwa, liligeuzwa kuwa bidhaa.

Katika juma hilo, kwenye mkutano wa familia na viongozi, mama mmoja wa baharia wa Kursk alisimama na kuwafokea wakubwa kwa uchungu. Mbele ya kamera za televisheni alichomwa sindano ya kumtuliza, akaanguka na kutolewa ukumbini. Yalitolewa maelezo mbalimbali juu ya aliyeagiza sindano hiyo. Lakini dunia nzima ilikwisha kuona mama akiuliza swali na kujibiwa kwa dawa ya usingizi. Watu wote 118 walikuwa wamekufa.

Hapana budi ikubaliwe kwamba jeshi lina siri zake, na ni haki liwe nazo. Meli iko wapi, inaelekea wapi, imebeba nini na itarudi lini, hayo si mambo ya kutangazwa sokoni. Mama mwenye akili timamu hataki ramani ya bahari. Anataka kujua mwanawe ni mzima au la, na kama si mzima, aambiwe na mtu mwenye mamlaka aliyekuja kwa miguu yake hadi nyumbani. Kuzichanganya siri hizi mbili ni uvivu wa ofisi uliovikwa sare. Siri huilinda meli. Kimya hakimlindi yeyote ila afisa asiyetaka kuulizwa.

MWONGOZO

Majeshi yaliyoonja uchungu huo yamejifunza, ingawa polepole. Akina mama wenyewe hawakusubiri. Mwanzoni mwa 1942, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, akina mama wapatao 300 wenye watoto vitani walikutana na kuanzisha chama cha kusaidiana, ambacho kipo hadi leo. Upande wa jeshi, tarehe 14 Septemba, 1970, Admirali Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa wanamaji wa Marekani, aliagiza kila kituo kimteue mke wa baharia awe msemaji wa familia, mwenye ruhusa ya kumfikia kamanda moja kwa moja bila kupita kwa makarani. Utaratibu huo uliendelea kupanuka hata ukaingia katika meli, na sasa baharia aweza kumtaja mzazi wake miongoni mwa wanaostahili kupashwa habari.

Linalostahili kuangaliwa katika utaratibu huo ni kwamba mwulizwaji ni mtu mmoja, anajulikana kwa jina, na si mgeni kwa dhiki anayoulizwa. Mke wa baharia hahitaji kuelezwa maana ya kukesha.

Mwongozo huanza na mambo madogo. Kwa miaka mingi kambi ya Great Lakes katika jimbo la Illinois, inakofunzwa kuruta wa jeshi hilo, ilikuwa na desturi ya kuzifunga kwenye sanduku nguo za nyumbani za kila kuruta na kuzirudisha kwa wazazi. Kwa karani wa ghala ulikuwa usafi wa kazi. Kwa mama aliyelifungua sanduku hilo bila kuonywa, zilikuwa nguo za mwanawe zilizorudi bila mwenyewe, na hakuna lugha duniani ambamo jambo hilo lina tafsiri njema. Mama aliyeambiwa mapema kwamba sanduku litakuja alilipokea kama barua. Tofauti kati ya mama hao wawili ni sentensi moja tu.

KIGAMBONI NA BARA

Somo hili linaihusu Tanzania moja kwa moja. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba, 1964, na Kamandi yake ya Wanamaji ina makao Kigamboni, Dar es Salaam. Vijana wanaovaa sare nyeupe za kamandi hiyo si watoto wa pwani peke yao. Wamo waliotoka kwa wakulima na wafugaji ambao hawajapata kuiona bahari hata siku moja. Mama wa Manyoni au Kibondo anapoambiwa kuwa mwanawe yuko majini, hana hata picha ya kuiweka mahali pa hofu yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi asiyeijua kazi ya mwanawe huumia mara mbili.

Utaratibu ulioandikwa kwenye jalada haumsaidii mama asiyeujua. Kwa hiyo yafaa kijana anapomaliza mafunzo, mama yake apelekewe barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye mambo manne: kazi ya mwanawe kwa ujumla, kwamba atakuwa na vipindi vya kutopatikana kwa simu, na simu isiyopatikana si msiba, jina la ofisi ya kuulizwa, na mambo ambayo mzazi hapaswi kuyasambaza, kama vile safari za meli. Mama aliyeelezwa sababu ya siri huitunza kuliko aliyekatazwa tu.

Ofisi ya kuulizwa haihitaji kujengwa upya. Wilayani yupo Mshauri wa Jeshi la Akiba, ambaye wananchi wengi wangali wakimwita Mshauri wa Mgambo. Afisa huyo akipewa jukumu hilo waziwazi, mzazi hatalazimika kuuza mbuzi ili apate nauli ya Dar es Salaam kwenda kuuliza swali la dakika tano. Aidha, msiba ukitokea, yeye na mtendaji wa kijiji ndio wafike nyumbani kabla ya redio, na kabla ya zile taarifa zisizo na mwenyewe ambazo siku hizi huruka kutoka simu hadi simu kwa kasi ambayo Waterloo ya 1942 haikuijua.

Lipo pia suala la fomu. Kijana huandika ndugu wa karibu siku ya kuajiriwa, kisha huoa, hubadilisha jina la kwanza kuwa la mkewe, na mama hutoweka katika jalada. Mke ana haki yake kamili. Lakini jalada na liwe na nafasi ya majina mawili, na kulijaza la pili mapema kwaweza kupunguza ugomvi wa mirathi baina ya mjane na mama mkwe, ugomvi ambao mabaraza yanaujua vyema.

Hapa ndipo watumishi wa umma na walimu wanapoingia. Mwalimu wa shule ya msingi mara nyingi ndiye msomaji wa barua wa kijiji. Mama atakuja kwake na bahasha yenye mhuri, mikono ikitetemeka. Mwalimu huyo aisome yote, polepole, na arudie. Asiongeze la kwake. Mtendaji naye, mama anapofika ofisini kuuliza, asimjibu "subiri utaitwa". Na wote kwa pamoja wawaonye wazazi juu ya matapeli wanaodai fedha ili wawaingize vijana jeshini. JWTZ limekwisha kutoa tahadhari mara kwa mara kwamba nafasi hizo haziuzwi.

Jeshi la Tanzania halikuitwa la Wananchi kwa mapambo. Jina hilo lina maana kwamba hakuna ukuta kati ya anayelinda na anayelindwa, na mama aliyemzaa mlinzi yuko pande zote mbili. Gharama ya kumheshimu ni ndogo: barua moja, ofisi moja, na mtu mmoja wa kubisha hodi kabla ya jirani. Mama akishapewa hayo, ataweza kukesha kwa ajili ya mwanawe bila kukesha kwa ajili ya uvumi.