Robine ikikauka Baraka, nani anajibu?

Wananchi wa Fizi na Baraka, vijana wenzetu,

Tuko tunaishi kando ya Tanganyika, ziwa lenye kina kirefu kuliko yote ya Afrika, karibu mita 1470. Lakini wamama wetu bado wanapanga bidoni tangu alfajiri. Robine ikikauka, tunarudi kuchota kule kule ziwani, mahali tunapoogea, tunapofulia, na mahali mvua inamwaga taka za mji. Kolera ikirudi, tunaambiwa: ni uchafu wenu.

Basi tuangalie jirani zetu wa Uvira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha maji yaliyotoka REGIDESO na hesabu ya wagonjwa, kuanzia 2009 mpaka 2014. Robine zikikaa siku moja bila maji, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera waliongezeka kwa asilimia 155, kulinganisha na wakati maji yanatoka vizuri. Watu ni wale wale, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni maji.

Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ukafurika hapo Uvira, ukaua watu na kuharibu hata mitambo ya maji. Kwa hiyo anayechunga robine lazima achunge pia mto, mitaro na milima inayokatwa miti.

Huku kwetu tumezoea miradi. Shirika linakuja, linajenga, linapiga picha, linaenda. Bomba likipasuka, meya anasonta jimbo, jimbo linasonta Kinshasa, na Kinshasa iko kimya.

Lakini sheria haiko kimya. Katiba, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya maji safi. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31/12/2015 iliondoa kazi ya maji mikononi mwa Kinshasa peke yake, ikaipa pia majimbo na serikali za mahali. Wanaweza kuikabidhi REGIDESO au mwingine, lakini daraka linabaki kwao.

Kwa hiyo tunadai:

1. Meya wa Baraka na wakubwa wa teritware ya Fizi watangaze kwa maandishi nani anajibu kwa kila mtandao wa maji.
2. Franga tunazolipa kwenye robine za watu wote zibandikwe ubaoni kila mwezi: zilizoingia na zilizotumika.
3. Maji yakikatika, tuambiwe siku hiyo hiyo, na klorini ipelekwe pale watu wanapochota.
4. Mitaro izibuliwe kabla ya mvua, si baada ya kilio.

Watatuambia kuna vita. Tunajua, tuko ndani yake. Lakini kubandika hesabu ya robine ubaoni hakungoji vita iishe.

Na sisi vijana tuko na kazi. Tuache kutupa taka kwenye mitaro, halafu tuandike. Kila kartie iwe na daftari: siku robine ilikauka, siku maji yalirudi, wangapi waliugua. Uvira ukweli ulionekana kwa sababu hesabu ilikuwepo. Bila hesabu, wakubwa watasema ni makelele ya vijana. Tukienda na daftari, itabidi watujibu.

Daftari lianze wiki hii, kartie kwa kartie.