Wapagazi Wasio na Majina: Funyula na Haja ya Baraza la Historia ya Vita

Mjini Johannesburg kuna chama cha historia ya kijeshi kilichoasisiwa mwaka 1966. Desturi yake ni nyepesi: wanachama hukutana kila mwezi, mmoja hutoa mhadhara, wengine humsaili, kisha kila mtu hushika njia yake. Huko Uingereza, Western Front Association iliyoanzishwa mwaka 1980 ina matawi mengi yafanyayo vivyo hivyo. Mhadhiri wa mikutano ya aina hii si lazima awe profesa. Aghalabu huwa ni mwalimu, mhandisi mstaafu, au mjukuu aliyekuta barua za babu yake sandukuni. Wanachama wa Johannesburg wameandika na kuzungumza pia kuhusu vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki, kwa kuwa majeshi ya Afrika Kusini yalipigana huko chini ya Jan Smuts kuanzia Februari 1916.

Ikiwa wajukuu wa askari wa Smuts wana baraza la kuvizungumzia vita hivyo, basi wajukuu wa waliombebea Smuts unga na risasi wanastahili lao. Na mahali panapofaa kuanzia ni Funyula.

Wakati wa vita hivyo nchi ya Wasamia ilihesabiwa katika Mkoa wa Nyanza, ulioongozwa na John Ainsworth. Mwaka 1917 Ainsworth alifanywa kamishna wa kusimamia utafutaji wa wapagazi, na ndipo lilipofanyika kamata-kamata kubwa ambalo Nyanza ililihisi kuliko mikoa mingi. Wanaume walitwaliwa kwa maelfu, wakapelekwa kusini katika nchi wasiyoijua, na mizigo vichwani. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Makadirio ya idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukaribia laki moja. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, kwa hoja kwamba wenyewe hawakuweza kutambulika.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili: jina. Sanamu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 inamwonyesha mpagazi pamoja na askari, na maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Mnamo Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ungamo hilo lilichukua takriban miaka mia moja. Tume hiyo inaweza kupekua mafaili. Haiwezi kujua kwamba boma fulani chini ya vilima vya Samia lina mtoto aliyepewa jina la babu asiyerudi. Hilo hujulikana jikoni na matangani.

Baraza linalopendekezwa hapa halihitaji ruzuku wala kitambaa cha kukata. Chumba cha darasa siku ya Jumamosi, mara moja kwa mwezi, chatosha. Muhimu zaidi ni namna ya kuzungumza. Vyama vya nje vina ugonjwa wa kupenda bunduki na majenerali. Mtu aweza kuketi saa nzima akisikiliza habari za Smuts na von Lettow-Vorbeck asisikie nani aliyepika. Funyula isiige hilo. Mhadhara wa kwanza na uwe wa mama mkongwe anayekumbuka alichosimuliwa na mkwe wake, kwa Kisamia ikibidi, na awepo wa kuandika kwa Kiswahili.

Mwandishi huyo ni nani kama si mwanafunzi wa Kiswahili? Katika madarasa ya fasihi husomwa utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita vya Majimaji, na ule wa Shaaban Robert juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Kati ya viwili hivyo pana pengo, na katika pengo hilo ndimo alimolala mpagazi. Lugha imemkumbuka kuliko fasihi: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimechukua jina la kikosi chake, na neno keya limetokana na herufi za jeshi la K.A.R. Hata Kiswahili chenyewe kilipelekwa katika vijiji vingi vya bara na watu hawa, kikiwa kimevunjika ngeli na kujaa amri. Wasomi wamezoea kukicheka Kiswahili cha keya. Afadhali wangekirekodi.

Isitoshe, Funyula ni nchi ya mpakani, na mpaka una vita vyake. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Uganda. Wasamia wako pande zote mbili hadi leo. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Mwaka 1979 watu walivuka wakikimbia vita vilivyomwondoa. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi Busia. Mashahidi wa mambo haya wangali hai, na wengine hawajafika hata miaka sitini.

Wapo watakaohoji kwamba habari za 1917 zimeshakwenda na wenyewe. Ni kweli kwamba hakuna mpagazi aliye hai. Lakini waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa wapagazi sasa wana miaka sabini, themanini na zaidi, na kila mwezi bila mkutano una mazishi yake. Wengine watahofia kuwa mazungumzo ya 1987 yatachokoza siasa. Huenda, ndiyo sababu yaanze na wapagazi, kwa daftari moja lenye safu tatu: jina la aliyekwenda, kijiji chake, na jina la aliyebaki akimngoja.