Mama Aliyeacha Kuja

Uchaguzi wa viongozi wa kina mama unapokaribia katika parokia na sharika zetu, watu huulizana yale yale. Nani anajua kusema mbele za watu? Nani ana uwezo, ili michango ikianza aanze yeye? Nani anasikilizana na paroko au mchungaji? Sisi tunaomba swali jingine litangulie hayo: nani kati yetu anawajua kwa majina wanawake walioacha kuja, na anajua kilichowaondoa?

Wapo. Majina yao yamo katika daftari la kila kikundi, yakifuatwa na vistari wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi. Wenzao wana maelezo mafupi: amelegea, amepoa kiroho. Mfuate mmoja wao nyumbani, kaa naye jikoni, utasikia habari nyingine kabisa. Alikuwa anadaiwa. Hakushona sare ya kongamano. Mwenzake alipofiwa, hakuwa na rambirambi ya kiwango kilichopangwa, akaona haya kwenda mikono mitupu, akabaki nyumbani. Toka siku hiyo hakuna aliyebisha hodi kwake ila mhazini, na mhazini alikuja kwa ajili ya deni.

Vyama hivi havikuanza hivyo. Mary Sumner, mke wa kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, alipoanzisha Umoja wa Akina Mama mwaka 1876, aliwaita pamoja kina mama wa matabaka yote, katika nchi ambayo bibi mwenye nyumba na mfanyakazi wake hawakuzoea kuketi meza moja. Woman's Guild ya Wapresibiteri wa Kenya inahesabu mizizi yake toka miaka ya 1920, wakati wanawake wa misheni za Ugikuyu walipojikusanya kuwakinga mabinti na ukeketaji. Kazi ilitangulia, cheo na vazi vikafuata. WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, kilizaliwa mwaka 1972, miaka ile ile ambayo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ndizo zitakuwa msingi wa Kanisa, yaani nyumba chache za jirani zinazofahamiana shida na furaha. Mwaka 2022 wanawake hao waliujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam kuadhimisha miaka 50. Aliyewaona hana haja ya kuambiwa kwamba hapo pana nguvu.

Tunaiheshimu nguvu hiyo, na tunasema wazi kwamba makanisa ya Afrika Mashariki yanasimama juu yake. Kina mama ndio wanaoosha maiti za wanawake wenzao, wanaopika msibani hadi usiku wa manane, wanaopeleka uji wodini, wanaofundisha watoto Jumapili, wanaofua vitambaa vya altare. Ndiyo maana inatuuma kuona mlango wa nyumba waliyoijenga wao ukiwa mwembamba kwa maskini wao.

Tuanze na sare. Sare ina heshima yake, na hatusemi iondolewe. Katika maandamano ya sikukuu, mama mwenye duka la jumla na mama muuza dagaa wanavaa kitambaa kimoja, na mgeni hawezi kuwatofautisha. Hilo ni jambo jema sana. Lakini sare imeacha kuwa moja. Kuna kitenge cha chama, kisha cha jubilei ya parokia, cha kusimikwa kwa mchungaji mpya, cha kongamano la jimbo, cha hija. Vingine vimechapwa tarehe na picha, kwa hiyo mwakani havivaliki. Ongeza fundi, ongeza kilemba. Kwa mama anayeuza mboga Mbagala au Kawangware, huo si mchango tena, ni mtaji wake. Akiutoa, kesho hana cha kuweka mezani sokoni. Asipoutoa, siku ya sherehe anakaa nyuma kabisa na gauni lake la kila siku, na macho yote yanamwona.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kuna mwanamke wa Yafa aitwaye Tabitha, au Dorkasi. Vikundi vingi vya kina mama vinamtaja kama mfano wao, na Waadventista wamewapa wanawake wao wa huduma jina lake. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo. Zilikuwa nguo ambazo Dorkasi alikuwa amewashonea wao. Leo mjane ndiye anayetakiwa kununua nguo ili ahesabiwe miongoni mwa wanaomfuata Dorkasi. Kiongozi anayelitafakari hilo kwa dakika moja tu ataona pa kuanzia: sare moja, isiyo na tarehe, inayodumu miaka, na mfuko wa kikundi wa kumshonea asiyeweza, kimya kimya, bila jina lake kutajwa.

Michango ina kisa kama hicho. Mjane aliyetoa senti mbili hutajwa karibu kila harambee, ili mwenye kidogo asijione ana udhuru. Wanaomtaja wasome Luka kuanzia mistari michache nyuma. Mara tu kabla ya mjane huyo kuingia hekaluni, Yesu amewakemea vikali walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane. Habari hizo mbili ziko pamoja, na anayehubiri moja bila nyingine ameacha nusu ya neno.

Wala hatuwabebeshi mzigo wote wenyeviti wa kina mama. Wengi wao wanapokea viwango kutoka juu: jimbo au dayosisi imeipangia parokia, parokia imevipangia vyama, na kina mama wamepewa fungu nono kwa sababu inajulikana watalipa. Mwenyekiti anarudi kwa wenzake na tarakimu ambayo hakuulizwa maoni yake juu yake. Katika kuwapa wanawake uongozi tumepiga hatua. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilibariki wachungaji wa kwanza wanawake mwaka 1991, na mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana wa Butere, Kenya. Lakini katika mitaa mingi, kikao kinachopanga fedha zitumike wapi bado kinamwita mama kumpa taarifa tu. Halmashauri ya walei au baraza la wazee linalowategemea kina mama kwa ujenzi wa nyumba ya padri au ukuta wa kanisa liwape viti na kura pale matumizi yanapoamuliwa. Na kiongozi wa kina mama awe na ujasiri wa kusimama na kusema, hapana, kiwango hiki wenzangu hawakiwezi.

Ujasiri huo utakuwa na uzito ikiwa hesabu za kikundi chenyewe ni safi. Michango isitumwe kwenye simu binafsi ya mwenyekiti au mhazini, hata akiwa mtakatifu. Ifunguliwe akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti kwenye kikao, kila mwezi, hadi shilingi ya mwisho. Kitu kimoja tu kisisomwe kwa sauti: orodha ya wadaiwa. Desturi hiyo ife. Imewafukuza wanawake wengi kuliko dhambi zao zilivyowafukuza.

Lakini si fedha peke yake inayowaondoa, na hapa ndipo viongozi wanapaswa kujichunguza kwa makini zaidi. Mwanamke akipigwa na mumewe, mara nyingine anayemweleza ni mwenyekiti wa kina mama au mama wa jumuiya yake. Anakuja jioni, amejifunika kanga. Anasema nusu, nyingine anaimeza. Wiki inayofuata anakaa katika maombi na kusikia habari zake zikirudi kama ombi: tumwombee dada yetu mmoja, ndoa yake inapita kwenye moto. Jina halikutajwa, na halikuhitajika. Siri imetoka kwa njia ya sala, na yeye hatarudi. Kiongozi anayepewa siri ya mwenzake aitunze kama padri anavyotunza ya kitubio.

Kutunza siri si kukaa nayo tu, hata hivyo. Shauri la vumilia, omba, Mungu atafanya njia, limewagharimu wanawake meno na mimba, na wengine uhai. Kuombea ndoa ni jambo la lazima, nasi tunaliamini kwa moyo wote. Lakini mwanamke anayevuja damu apelekwe hospitali usiku huo huo. Kwa Tanzania, kiongozi ajue kwamba kituo cha polisi hutoa fomu ya PF3 kwa aliyejeruhiwa, na kwamba vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ajue nyumba ipi ya mwanachama inaweza kumlaza mtu na watoto wake siku mbili tatu. Aende naye, asimwelekeze tu njia.

Vivyo hivyo kwa mjane. Siku ya mazishi anazungukwa na kina mama wenye sare, nyimbo zinaimbwa, wali unapikwa. Wiki chache baadaye shemeji zake wanakuja kuchukua funguo za nyumba na kadi ya gari, naye yuko peke yake. Kikundi kilichopika msibani kinaweza kumsindikiza mahakamani kufungua mirathi. Hakihitaji mtaji, kinahitaji wanawake wawili wenye nafasi asubuhi moja na anayejua nyaraka zinazotakiwa.

Wasichana walioajiriwa na walio vyuoni nao hawaonekani, na sababu yao ni nyepesi: kikao cha Jumatano saa nne asubuhi kinawafungia nje. Kihamishiwe Jumamosi jioni, au baada ya ibada ya Jumapili.

Majimbo na dayosisi nyingi huwa na semina za viongozi wa kina mama. Wanafundishwa katiba ya chama, itifaki za kumpokea mgeni, ujasiriamali wa sabuni na batiki. Tunawaomba waandaaji watenge siku moja nzima kwa ajili ya askari wa dawati la jinsia, muuguzi na mwanasheria wa mirathi, na viongozi waondoke na namba zao za simu zikiwa zimeandikwa ndani ya jalada la daftari la mahudhurio.